Mcheza kwao hutunzwa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Barua hii naiandikia Wizara yenye dhamana ya utamaduni katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na kila ofisi inayoshughulika na sanaa, nyaraka, utangazaji na hakimiliki. Mimi ni mpaka hina wa Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe. Kazi hii nimeirithi kwa mama yangu mkubwa, ambaye mwenyewe ni kungwi na mpiga msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, na sasa umri umemwendea. Naandika kwa ajili ya Bi Kidude, Mungu amrehemu, na kwa ajili ya wanawake wa rika la mama mkubwa, maana wao ndio waliobaki na kile alichokuwa nacho.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alitutoka tarehe 17 Aprili 2013 kule Bububu, akazikwa Kitumba. Siku ile mji ulisimama. Viongozi walikuja, wasanii walikuja, redio zikapiga nyimbo zake kutwa nzima. Tangu hapo kila mwaka ukifika mwezi wa Aprili anatajwa, picha yake ya uzeeni inatolewa, ile yenye mikunjo ya uso na kilemba kichwani, na anaitwa malkia wa taarabu. Halafu tunanyamaza mpaka mwaka mwingine.

Sina ugomvi na jina hilo. Lakini mimi Bi Kidude sikumjulia kwenye taarabu. Nilimjulia kwenye moto.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwenye shughuli ya harusi. Wanaume walikuwa wameshatolewa uani, milango imefungwa, na sisi watoto wa kike tuliopenya tulikuwa tumejibanza nyuma ya mabuibui ya mama zetu. Pembeni kulikuwa na moto mdogo wa makuti na vifuu. Mwanamke mmoja mwembamba alikuwa ameinamisha ngoma ndefu kuukabili ule moto, anaizungusha taratibu kama anayeoka mkate wa kumimina, hataki upande mmoja uungue. Kila baada ya muda anaigonga ngozi kwa kidole, anasikiliza, anairudisha. Mama mkubwa akaninong'oneza: ngozi ikipoa hulegea, na msondo uliolegea hausemi. Yule mwanamke akagonga tena, mara hii sauti ikatoka kavu, ya juu, imekaza. Akasimama. Akajifunga ngoma kwa kanga kiunoni, ikakaa katikati ya miguu yake, imemzidi unene. Alipopiga pigo la kwanza nililisikia tumboni kabla ya masikioni. Ngoma nyingine, vumi na vinganga, zikamfuata. Wanawake waliokuwa wamekaa wakainuka wote kwa pamoja, hakuna aliyewaambia wainuke.

Baadaye nilimwona jukwaani Ngome Kongwe, kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, mbele ya watu wa mataifa yote, na walimshangilia mpaka kuta zikaitikia. Ilikuwa raha kubwa. Ila moyoni nilijua kwamba wale wageni wanaona robo ya mtu. Zile robo tatu nyingine zilikuwa uani kwetu, na hakuna aliyezikatia tiketi.

Naomba mnivumilie nizitaje, kwa sababu ombi langu lote limo humo.

Alikuwa mwimbaji, hilo linajulikana. Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake akiuza nazi, na mwenyewe akisema amezaliwa zama za rupia. Mwaka kamili hakuuandika mtu. Nyimbo alizipata kwa Siti binti Saad, kwa kusikiliza. Siti naye alitoka Fumba, binti wa watu maskini, akatembeza vyungu kuviuza kabla mji haujamjua kwa sauti yake, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri, miongoni mwa za mwanzo kwa lugha yetu. Sahani zikavunjika, santuri zikaharibika, lakini nyimbo zikaendelea kuishi kwa sababu kulikuwa na wanawake kama Kidude waliozibeba kichwani. Mfano ni ule wa Kijiti, unaosimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyekuja Unguja, na muuaji kuvuka bahari akapotea. Huo ni wimbo, lakini pia ni malalamiko ya watu wanyonge dhidi ya mahakama ya wakoloni. Mtu aliyetaka kujua watu wa Ng'ambo waliionaje haki ya zama zile, alikuwa akimsikiliza Bi Kidude.

Alikuwa mpiga ngoma. Katika taarabu za mjini, mwanamke alizoeleka kuimba na mwanamume kushika ala. Yeye alishika ngoma, akaipiga hadi uzeeni, na ngoma yenyewe ni msondo, ambao kijana mwenye nguvu zake akijaribu kuupiga kwa nusu saa mapaja yanamtetemeka. Najua, nimejaribu.

Alikuwa mpaka hina, kazi yangu. Na alikuwa mjuzi wa mitishamba, watu wakimwendea kwa dawa kama wanavyowaendea wazee wengine wa kwetu.

Na juu ya yote alikuwa kungwi. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa, lakini wari waliopita mikononi mwake wametapakaa Unguja nzima, na leo ni mabibi. Hapa kuna jambo nalifikiria mara nyingi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na tatu hivi alitoroka ndoa ya kulazimishwa akavuka kwenda bara. Miaka ya 1930 akaikimbia ndoa nyingine iliyomtesa, akanyoa nywele zake, akatembea Tanganyika kwa miguu bila viatu. Kisha mwanamke huyo huyo akarudi Unguja, akanunua kijumba cha udongo, akakaa kuwafunda wasichana namna ya kuishi katika ndoa. Sidhani aliwafunda kuvumilia kila kitu. Mwenye kufunzwa na mtu aliyewahi kutoroka hujifunza pia kwamba mlango upo.

Sasa niulize, waheshimiwa: katika hayo yote, tumehifadhi nini?

Sauti ipo. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nawashukuru waliomrekodi, wengi wao wageni. Filamu zipo. Tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, alipewa mwaka 2005, huko Newcastle, Uingereza. Nishani ya taifa alivishwa na Rais Kikwete mwaka 2012, miezi michache kabla hajafa. Vijana wanaoziimba nyimbo zake wapo, na wengine wanaziimba vizuri sana. Kwa upande wa sauti hatukulala kabisa.

Lakini mapigo ya msondo, jinsi ya kuuwamba, jinsi ya kuukanza, ni pigo lipi linaitangulia nyimbo ipi na kwa nini. Nyimbo za unyago zenyewe, ambazo ni mafumbo juu ya mafumbo. Maua ya hina ya zamani na majina yake. Hayo yako wapi? Yako kwa wazee. Yako vichwani mwa wanawake ambao leo wana miaka sabini, themanini na zaidi, wanaokaa vyumba vya nyuma katika nyumba za watoto wao, na hakuna ofisi hata moja iliyowahi kubisha hodi kuwauliza.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib ilianguka. Jumba limesimama tangu 1883, likaanguka na kuua watu, na nchi nzima ililia, na ilikuwa haki kulia. Kamati zikaundwa, wataalamu wakaja. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kila jiwe lake lina mtu wa kulisemea. Miaka ile ile mimi nimezika makungwi watatu wa mtaani kwetu. Mmoja wao alikuwa akijua nyimbo za msondo ambazo mama mkubwa mwenyewe alikuwa hazijui mwisho wake. Tulisoma hitima, tukala, tukaondoka. Kila mtu alijua tumempoteza mtu mwema. Kwamba kuna nyimbo zimekatika siku ile, hilo tulilijua sisi wawili tu.

Niwasimulie kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Mama mkubwa na wenzake wa kikundi walirekodiwa zamani, miaka mingi iliyopita, walipokuwa na nguvu zao. Walivaa sare za kanga, wakapelekwa kwa gari, wakapiga asubuhi nzima. Anaikumbuka siku ile kama wengine wanavyokumbuka harusi yao. Mwaka juzi aliniambia kwamba kabla hajafa angependa kuisikia sauti ya rafiki yake aliyekuwa akiitikia, maana ameshaanza kuisahau. Nikaenda kwenye ofisi niliyoelekezwa. Sitaitaja, kwa sababu sikuja kumshitaki mtu, na kijana aliyenipokea alinisaidia kwa roho safi. Tulipekua pamoja karibu siku nzima. Nyaraka zimepata unyevu, karatasi zimeshikana. Akanieleza kwamba tepu za miaka ile zilikuwa ghali na adimu, na nyingine zilifutwa zikarekodiwa mambo mengine juu yake. Mwisho tukalikuta boksi moja. Juu yake, kwa kalamu ya wino iliyofifia, pameandikwa: Ngoma ya kina mama.

Basi. Hakuna tarehe, hakuna kijiji, hakuna jina la kikundi, hakuna jina la hata mmoja wao. Na ndani ya boksi hapakuwa na kitu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkubwa kwamba ofisi ilikuwa imefungwa. Mungu anisamehe, sikuweza kumwambia vinginevyo.

Ndiyo maana nasema, ile desturi ya kumtukuza Bi Kidude peke yake inatudhuru bila sisi kujua. Tumemfanya mmoja, wa ajabu, asiye na mfano. Yeye alikuwa na kipaji kikubwa, sibishi, na maisha aliyoyaishi ni wachache wangeyaweza. Lakini kazi zake hakuzibuni peke yake usiku mmoja. Alizikuta kwa wanawake, akazifanya pamoja na wanawake, na alipokwenda Ulaya na Japani kuna wanawake waliobaki Unguja wakipiga ngoma ile ile kwenye harusi ile ile. Tukimtenga nao, tunadhani akifa yeye mambo yamekwisha. Hayajakwisha, yanaisha taratibu, na huo ndio msiba ninaowaletea.

Kuna msemo wetu, mcheza kwao hutunzwa. Kila aliyewahi kukaa kwenye taarabu anajua maana yake ya kwanza: mwimbaji akikukuna, unainuka na noti yako, unacheza mpaka mbele, unamtunza. Lakini neno hilo hilo tunalitumia kwa kutunza mtoto, kutunza mgonjwa, kutunza nyaraka. Bi Kidude alitunzwa kwa noti na kwa nishani. Ombi langu ni la ile maana ya pili, na ni kwa hawa ambao bado wanacheza kwao.

Nitasema wazi ninachokitaka, kwa sababu barua nyingi za aina hii huishia kwenye machozi.

Serikali hii tangu Aprili 2016 inampa kila mzee aliyefika miaka sabini pensheni jamii. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa kufika 50,000. Mama mkubwa anaipokea. Siku ya malipo anajifunga kanga safi, na hela ile haimfiki mtu mwingine. Ni jambo kubwa. Maana yake ni kwamba mnajua tayari namna ya kumfikia bibi wa kijijini, kumwandikisha, na kumlipa kila mwezi bila kukosa. Njia ipo. Ila hapo analipwa kwa kuwa ni mzee. Naomba alipwe pia kwa kuwa ni mwalimu.

Wapatikane makungwi, wapiga msondo, vumi na vinganga, wapaka hina wa zamani na wajuzi wa mitishamba, Unguja na Pemba, mjini na shamba, waandikwe majina yao matatu matatu kama walivyoandikwa kwenye pensheni. Kila mmoja apewe wanafunzi wawili au watatu wa kike anaowachagua mwenyewe, na posho ya kufundisha, na nauli ya wale wanafunzi. Haihitaji jengo. Msondo haujawahi kufundishwa kwenye jengo. Unafundishwa uani, mtoto akikaa nyuma ya mkubwa na kijingoma chake, anakosea, anapigwa jicho, anarudia. Kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, na kimefanya kazi kubwa ya kuwafundisha vijana wetu udi, kanuni, fidla na ngoma. Wakishirikishwa watakuwa msaada. Lakini tafadhali bibi asiitwe akakae kwenye kiti cha plastiki mbele ya darasa kwa saa moja kisha apewe cheti. Mwendeeni kwake, na mkae.

Kuhusu kurekodi, hapa naomba msome polepole.

Najua kuna watakaosema unyago ni siri ya wanawake na haufai kuingizwa kwenye mambo ya serikali. Najua pia kuna wazee waliomnung'unikia Bi Kidude alipoutoa msondo uani akaupandisha jukwaani. Mama mkubwa alikuwa mmoja wao, na aliwahi kukaa muda mrefu asimsalimie. Walipatana baadaye. Sikuambiwa kwa maneno gani, ila naona hata leo akilitaja jina lake hulitaja kwa upole.

Mimi naona wote wawili walikuwa na haki. Kidude aliona kwamba kisichosikika kitasahauliwa. Mama mkubwa aliona kwamba kinachosikiwa na kila mtu hakifundishi tena. Nyimbo ya unyago ni fumbo kwa sababu inamtaka mwari afikiri, aulize, akemewe kidogo, acheke, ndipo afumbuliwe. Ukiitia kwenye simu ikapita mikononi mwa wanaume sokoni, fumbo linageuka kuwa utani mchafu. Nimeona video za namna hiyo, zimechukuliwa kwa kujificha kwenye shughuli za watu, na nimeona aibu kwa niaba ya mabibi waliomo.

Kwa hiyo warekodi wanawake, na wasikilizaji wawe wanawake. Makungwi wenyewe waseme lipi linarekodiwa na lipi linabaki mdomoni. Kanda zikae mahali penye ubaridi na ufunguo, na atakayetaka kusikiliza aombe kwa wenyewe au kwa warithi wao. Mapigo ya ngoma pekee, bila maneno, hayana siri. Hayo yarekodiwe kwa wingi, kwa pembe zote, mikono ionekane. Na kila kanda iandikwe majina. Kila mmoja: aliyeimba, aliyeitikia, aliyepiga vumi, na hata aliyeukanza msondo motoni. Pasiandikwe tena Ngoma ya kina mama.

Wala sisemi kila kilichofundishwa unyagoni zamani kifundishwe leo. Mtoto akishavunja ungo bado ni mtoto, na ndoa ya kulazimishwa akiwa na miaka kumi na tatu hivi ndiyo iliyomkimbiza Bi Kidude kwao. Makungwi wa leo wanalijua hilo kuliko wanavyodhaniwa; wana wajukuu skuli, wanataka wamalize. Lakini msichana anayekua bila mtu mzima wa kumweleza juu ya hedhi yake, mwili wake na thamani yake, ataelezwa na simu. Mkitaka kujua kwa nini mama wengi bado wanatafuta somo, yaani kungwi, wa kuwafunda binti zao, hiyo ndiyo sababu.

Nirudi kwenye hina, kwa sababu hapo nina uchungu wa kazi.

Hina yetu ni jani. Unalichuma, unalianika kivulini, unalitwanga, unalichekecha kwa kitambaa chepesi mpaka liwe laini kama poda ya mtoto. Unalikanda kwa ndimu na chai ya rangi iliyochemka sana, unalifunika, unaliacha lilale. Asubuhi rangi imeshuka. Unapaka kwa njiti ya ukuti, na mwanamke akae nayo saa nyingi, azungumze, alishwe kwa mkono wa mwingine, maana mikono yake haiwezi kushika kitu. Rangi inatoka nyekundu ya kahawia na kwa kawaida haimdhuru mtu. Sasa nendeni ufukweni. Kinachopakwa huko kwa wageni, na siku hizi hata kwa maharusi wetu, mara nyingi ni piko, dawa nyeusi ya kutia nywele rangi, kwa kuwa inakauka haraka na haihitaji kungoja. Nimeletewa msichana ambaye mkono wake ulivimba malengelenge yaliyofuata lile ua kama limechorwa kwa moto. Alama ilibaki. Wapakaji wale siwalaumu; wengi ni vijana wanaotafuta riziki na hakuna aliyewafundisha. Waliokuwa wawafundishe hawakuulizwa. Kwa hili hata pesa kubwa haihitajiki: mafunzo mafupi kwa wapakaji wa fukweni chini ya mabibi wanaojua, na kitambulisho kwa aliyefuzu ili mgeni ajue anampa nani mkono wake.

Kuna na jambo la sura yake. Picha ya Bi Kidude iko kwenye fulana, kwenye michoro, kwenye kuta za mikahawa. Anauza. Zanzibar tuna Jumuiya ya Hakimiliki, COSOZA, na tuna sheria tangu 2003. Naomba mtueleze hadharani, kwa lugha ambayo bibi ataielewa, mpiga ngoma wa kikundi ana haki gani juu ya rekodi aliyopiga, jamaa wa marehemu wana haki gani juu ya sura na sauti yake, na waende dirisha lipi kuzidai. Wanawake wengi walioimba wakarekodiwa walipewa nauli na soda, wakadhani mambo ndiyo yalivyo. Mtu hadai asichojua ni chake.

Nimesikia pia mazungumzo ya mtaani kwamba ajengewe sanamu, au barabara ipewe jina lake. Sipingi barabara. Sanamu sijui kama mwenyewe angeitaka. Ila kama kuna fungu dogo tu na lazima mchague, msichague shaba wakati kuna watu hai. Tanzania imeuridhia Mkataba wa UNESCO wa 2003 unaohusu urithi usioshikika, na urithi huo hauna mahali pengine pa kukaa isipokuwa ndani ya mtu anayepumua.

Waheshimiwa, mama mkubwa ana miaka themanini na minne. Magoti hayamruhusu kusimama na msondo tena, kwa hiyo siku hizi anakaa kwenye kibao cha mbuzi, ngoma anailaza pajani, na anapiga kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto una ganzi. Binti yangu na mtoto wa jirani wanakaa mbele yake Ijumaa baada ya sala. Wamefika nyimbo ya saba. Yeye anasema zipo zaidi ya arobaini, nami nimezihesabu nikafika thelathini na moja. Zilizobaki zinamjia kidogo kidogo, nyingine akiwa anakuna nazi, nyingine usiku, na akiniita usiku naamka naandika. Daftari ninalo.

Karibuni mje. Nyumba yoyote ya Ng'ambo mkiuliza kwa bibi wa msondo mtaelekezwa, na Ijumaa jioni hamtapotea, mtasikia wenyewe. Ninachoomba ni mtupe habari mapema kidogo, japo kutwa moja kabla. Msimu huu wa mvua hewa ina unyevu, ngozi inalegea upesi, na inabidi moto uwashwe kabla hamjafika.

Wenu,

Mpaka hina, Ng'ambo, Unguja